Sailensi ya lori la dizeli inasumbua: pa kuanzia kabla ya kugusa skrubu

Lori limejaa mahindi ya Kibaigwa, liko kwenye foleni ya mizani ya Nala, Dodoma, na kila dereva anapoachia mafuta injini inashuka, inatikisika, inazima. Mara nyingi kinachofuata ni spana na bisibisi: skrubu ya sailensi (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya pedali) inakazwa robo mzunguko, injini inashika, safari inaendelea. Kabla ya Manyoni ugonjwa umerudi, na sasa matatizo ni mawili, kwa sababu skrubu nayo imehama na hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi.

Skrubu hiyo imefungwa kwa lokinati, nati inayoizuia isizunguke. Lokinati ikiwa imekaza, skrubu haihami yenyewe. Kwa hiyo kama sailensi ilikuwa nzuri jana na leo ni mbaya, na hakuna aliyegusa nati, kilichobadilika ni kitu kingine: hewa imeingia kwenye dizeli, filta imeziba, kebo ya pedali imeshika, au kuna kifaa kinachokwisha. Kukaza skrubu kunaficha dalili tu.

Inasaidia kujua kinachofanyika ndani ya pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli (vipulizia vya silinda). Sailensi hushikiliwa na gavana, kifaa cha pampu kinachoongeza na kupunguza dizeli. Vyuma vya gavana huzunguka pamoja na shafti ya pampu. Injini ikipunguza kasi vyuma hujikunja, springi inasukuma reki (fimbo inayoamua kiasi cha dizeli), dizeli inaongezwa. Ikizidisha kasi vyuma hufunguka na dizeli inapunguzwa. Skrubu ya nje kazi yake ni moja: kuamua mkono wa pampu utulie wapi mguu ukitoka. Gavana haiwezi kugawa dizeli ambayo haijafika kwenye pampu, na haiwezi kuitofautisha dizeli na povu.

Hakikisha kwanza kwamba namba unayoisoma ni ya kweli

Kila injini ina namba yake, nayo imeandikwa kwenye kitabu au kwenye bango lililobandikwa juu ya kava la tapeti au ndani ya mlango. Kwa makadirio, malori madogo kama Canter na Isuzu NPR hukaa kati ya RPM (mizunguko kwa dakika) 600 na 750, na injini kubwa za silinda 6 kati ya 500 na 650. Hayo ni makadirio ya kukuonyesha kama umepotea mbali. Ukirekebisha, fuata namba ya injini yako.

Mshale wa RPM kwenye dashibodi unaweza kudanganya. Kwenye malori mengi mshale huo hupata taarifa kutoka nguzo ya W ya alteneta (mahali pa kufunga waya wa kupima mzunguko). Alteneta ikibadilishwa ikafungwa nyingine yenye puli ndogo zaidi, mshale utapanda hata kama injini haijabadilika. Mkanda ukiteleza, mshale utashuka. Njia ya uhakika ni kipima mzunguko cha mwanga: bandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye puli ya krenki, elekeza mwanga, soma. Vipimo vya kubana kwenye waya wa plagi havifai hapa, dizeli haina plagi ya cheche.

Pima injini ikiwa na joto lake la kazi, takriban nyuzi 80. Taa, feni ya kabini na AC vizimwe. Upepo wa breki ujae kabisa hadi kompresa iache kusukuma, kwa sababu kompresa inayojaza tangi inaishusha injini na utaona namba isiyo yake. Usukani uwe umenyooka, gia nyutro, handbreki imefungwa na kabari ziko chini ya tairi.

Kabla ya yote angalia kitufe cha sailensi kwenye dashibodi. Canter nyingi na Isuzu nyingi zina kitufe cha kuzungusha au kuvuta cha kupandisha mzunguko wakati wa kuwasha asubuhi. Kikiachwa nusu, unaweza kukaa saa nzima chini ya gari ukitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Inashuka na kuzima mguu ukitoka

Ukanda huu wa kati wa Tanzania una mambo mawili yanayoua mfumo wa dizeli mapema: vumbi, na dizeli iliyohifadhiwa kwenye madumu na mapipa huko vijijini wakati wa mavuno. Kwa hiyo anza na uchafu.

Fungua skrubu ya chini ya sedimenta (kikombe cha kutenga maji na dizeli), acha yatoke maji hadi ije dizeli safi. Tumia chupa nyeupe ili uone: maji hukaa chini, dizeli inabaki juu. Kama maji ni zaidi ya kikombe kimoja, tangi lenyewe linahitaji kumwagwa kupitia plagi yake ya chini. Badilisha filta ya dizeli. Usiioshe wala kuipuliza kwa kompresa, karatasi yake ikichanika uchafu wote unaelekea kwenye plenja (pistoni ndogo) za pampu, na plenja ni ghali kuliko filta.

Kisha kuna kichujio ambacho wengi hawakijui kabisa. Kwenye malori mengi ya Kijapani yenye pampu ya laini (plenja zake zimepangwa mstari mmoja), mahali mpira wa dizeli unapoingia kwenye fidi pampu, pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini, ndani ya boliti yenye tundu kuna wavu mdogo. Huo huziba kwa ukoko wa tangi na nyuzi za matambara. Fungua boliti, toa wavu, usafishe kwa dizeli na brashi laini, rudisha na washa mpya za shaba. Kama washa mpya hazipo, pasha zile za zamani moto hadi ziwe nyekundu, ziache zipoe. Shaba hulainika na kuziba vizuri tena. Washa ngumu iliyokwisha kubanwa mara tatu ndiyo mlango wa hewa.

Jaribio la dakika moja: injini ikianza kushuka, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia tangi linavuta pumzi na injini ikapona, kitundu cha kupumulia cha tangi kimezibwa na vumbi. Kisafishe. Kufunga tangi kwa mfuko wa plastiki baada ya kifuniko kupotea huleta ugonjwa huohuo, na vipande vya mfuko huishia kwenye bomba la kunyonyea.

Kama kuzima kunatokea tu unapokata usukani au taa zikiwashwa, dizeli huenda inafika vizuri na mzunguko uko chini kidogo kuliko inavyotakiwa. Hapo, baada ya kuondoa uchafu na hewa, skrubu ina haki ya kuguswa.

Kuna imani kwamba gari likitoka Dar es Salaam likafika Dodoma sailensi lazima irekebishwe kwa sababu ya mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi zaidi, hilo ni kweli, na injini isiyo na turbo itatoa moshi zaidi ikipanda na mzigo. Lakini kwenye sailensi injini ya dizeli huvuta hewa nyingi mno kuliko inavyohitaji kuunguza kile kidogo inachopewa. Mwinuko huu hauwezi kuizima. Tafuta sababu nyingine.

Inapanda na kushuka yenyewe

Mzunguko unapanda, unashuka, unapanda tena kwa mpigo unaofanana. Hewa ndiyo mshukiwa wa kwanza, na mara nyingi ndiyo mwenye kosa.

Hewa huingia upande wa kunyonya, yaani kati ya tangi na fidi pampu, na upande huo hauvuji dizeli nje injini ikiwa inafanya kazi. Ndiyo maana utaukuta mkavu kabisa na bado ndio wenye tatizo. Fungua mpira unaoingia kwenye fidi pampu, unganisha kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, takriban sentimita 30, washa injini uangalie. Mapovu yanayopita mfululizo ni ushahidi. Sogeza mpira huo nyuma hatua kwa hatua kuelekea tangini: kiungo ulichokipita na mapovu yakakoma, ndicho kinachonyonya hewa.

Angalia hasa mipira iliyokauka kwa jua, imepasuka chini ya klipu mahali pasipoonekana. Pampu ya mkono ambayo pistoni yake imekwisha au haikukazwa baada ya kutumika. Na bomba la ndani ya tangi lililotoboka kwa kutu, ambalo husumbua tangi likiwa nusu na kutulia likijaa. Dalili hii ya mwisho ikilingana na gari lako, usihangaike na kitu kingine.

Ukishaziba, toa hewa kwa mpangilio. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kaza huku ukiendelea kupiga. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa. Kisha legeza nati za bomba kwenye nozeli mzunguko mmoja, piga stata kwa sekunde zisizozidi 15 kwa mara moja, kaza dizeli ikitoka kwa mipigo. Hii ni kwa pampu za kimakanika tu. Kwenye komoni reli, mfumo wa injini za kompyuta, usilegeze nati hizo kamwe injini ikiwa inazunguka: dizeli pale huweza kuwa na shinikizo la zaidi ya baa 1,000, hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha dogo kama la sindano linaweza kumfanya mtu akatwe kidole. Hata kwenye pampu ya kimakanika, unapotafuta mvujo wa bomba la nozeli tumia kipande cha boksi, siyo kiganja.

Hewa ikiwa imeondoka na mpando huo wa kupanda na kushuka unaendelea, sababu iko kwenye gavana: reki nzito kwa sababu ya maji na kutu, pini zilizokwisha, au springi ya kutuliza iliyolegea. Gavana za aina ya RSV zina skrubu ya pili nyuma, ya springi ndogo ya sailensi. Kazi yake ni kuzuia mpando tu. Inasogezwa baada ya ile ya kwanza kuwekwa, taratibu, ukiishia pale mpando unapokoma. Ukiiingiza kupita hapo injini itachelewa kushuka mguu ukitoka, na kwenye mteremko wa Sekenke hilo si jambo dogo.

Magari ya zamani yenye gavana ya kuvuta kwa upepo, lile duara lenye ngozi ndani na mpira mwembamba unaotoka kwenye mdomo wa hewa, hupanda na kushuka ngozi ikichanika au mpira ule ukitoboka. Angalia mpira kwanza, bei yake ni ndogo.

Mzunguko uko sawa lakini kabini inatikisika

Kama RPM ni sahihi na haichezi, usipandishe sailensi ili kutuliza mtikisiko. Angalia mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini na gia boksi. Mpira uliolowa oili huvimba, hulegea na kuachana na chuma. Ingiza mtaimbo mdogo chini, inua kidogo: injini ikiinuka peke yake na kuacha nafasi, mauntingi imekufa.

Kama kuna silinda inayomisi, utaisikia kwenye sailensa (bomba la moshi) kwa mpigo unaokosekana. Kwa pampu ya laini, legeza nati ya nozeli moja moja injini ikiwa sailensi. Silinda nzima, ukiilegeza, mlio hubadilika na mzunguko hushuka. Ukilegeza na pasibadilike kitu, umeipata. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, ni nozeli. Ukibaki pale pale, pima tapeti (nafasi ya valvu) na kompresheni (mbano wa hewa). Injini nyingi za Mitsubishi za familia ya 4D3 na Isuzu za 4H zinataka tapeti ya milimita 0.40 injini ikiwa baridi, lakini soma bango lako kabla ya kuingiza fila, bamba la kupimia nafasi hiyo.

Rangi ya moshi inakusaidia kuchagua njia. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni dizeli isiyoungua: nozeli inayodondosha, kompresheni ndogo, au taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) iliyochelewa. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, anza na filta ya hewa. Barabara za vumbi huiziba kabla ya kilomita zilizoandikwa kitabuni. Wa bluu ni oili.

Iko juu na haishuki

Kama mzunguko ulipanda mara baada ya kubinua kabini, angalia kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali. Kabini ikirudi, kebo inaweza kubanwa au kukaa nje ya klipu yake, ikavutika. Fungua kebo kwenye mkono wa pampu. Mzunguko ukishuka, pampu ni nzima, kebo ndiyo mbaya. Vumbi likichanganyika na grisi ndani ya kebo hugeuka matope. Kebo ya namna hiyo hubadilishwa, kuipaka oili kunaongeza siku chache tu. Baada ya kufunga, hakikisha mkono wa pampu unagusa skrubu ya sailensi kabisa mguu ukiwa nje, na kebo ina ulegevu kidogo, milimita 1 hadi 3. Hakikisha pia springi ya kurudisha mkono ipo na ina nguvu. Kuibadilisha na mpira wa tyubu ni hatari ya wazi.

Injini inayopanda yenyewe bila kukoma ni jambo jingine na ni la dharura. Turbo ikikwisha sili, injini huvuta oili yake na kuiunguza, na kuzima switchi hakusaidii. Kanyaga breki, ingiza gia kubwa kabisa, achia klachi injini ife. Kama uko nje, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au bati pana. Usitumie mkono wala kitambaa, vyote hufyonzwa. Ubao wa saizi hiyo uwe karibu kila unapofanya kazi kwenye pampu au turbo.

Asubuhi ya baridi tu

Juni na Julai, injini inayotikisika na kushuka kwa dakika chache kisha ikatulia haihitaji skrubu. Pima plagi za kupashia joto, betri na kasi ya stata, tumia kitufe cha dashibodi, na kisha kirudishe. Ukiweka sailensi ikiwa baridi, mchana itakuwa juu kuliko inavyotakiwa.

Sasa skrubu

Safisha pampu kwa dizeli na brashi. Tafuta skrubu ambayo mkono wa pampu huigusa mguu ukiwa nje. Skrubu inayoguswa mkono ukiwa umevutwa mwisho ni ya kasi ya juu kabisa, mara nyingi imefungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Hiyo na ile ya kiasi cha dizeli ya mzigo haziguswi nje ya mashine ya kupimia pampu. Muhuri huo ukikatwa barabarani, kinachofuata ni moshi mweusi, pistoni kuyeyuka, au vyote viwili.

Pima kwa vernia urefu wa nyuzi zilizo nje ya lokinati, uandike. Chora mstari wa rangi kutoka skrubu hadi kwenye nati. Shika skrubu kwa bisibisi, legeza lokinati, mara nyingi ni spana namba 10 au 12. Geuza moja ya nane ya mzunguko, subiri sekunde 10, soma. Kwenye pampu nyingi kuingiza kunapandisha. Ukifika, shika skrubu isizunguke, kaza lokinati, soma tena kwa sababu kukaza huisogeza.

Kisha piga resi hadi RPM 1,500 na uachie ghafla mara tatu. Injini irudi kwenye namba ileile, isizame chini yake na kupanda. Washa taa zote, kata usukani hadi mwisho: isishuke zaidi ya 50 hivi na isizime. Angalia taa ya oili. Sailensi ya chini mno hupunguza shinikizo la oili na kufanya gia boksi igonge. Ya juu mno inakula dizeli kwenye kila foleni, gia ya kwanza inaingia kwa kelele, na injini inamsukuma dereva kwenye mteremko.

Ukijikuta umegeuza zaidi ya mzunguko mmoja mzima na namba bado haijafika, simama. Rudisha skrubu kwenye alama. Kuna hewa, uchafu, au pampu iliyokwisha.

Injini za kompyuta

Komoni reli haina skrubu ya sailensi. Kompyuta ndiyo inayoamua, ikisoma sensa ya joto la maji, sensa ya pedali na sensa ya mzunguko. Baadhi ya malori ya Ulaya yana utaratibu wa dereva kurekebisha kwa vitufe vya kruzi (vya kushikilia mwendo), na umo kwenye kitabu chake. Zaidi ya hapo ni mashine ya kusoma kodi za hitilafu.

Mpando na ushukaji kwenye pampu za Denso mara nyingi hutoka kwenye valvu ya SCV, ile iliyo kwenye pampu inayopima dizeli inayoingia, inayoshikwa na uchafu na maji. Badilisha filta na umwage maji kabla ya kununua valvu, na ukibadilisha valvu bila kusafisha tangi utaibadilisha tena. Sensa ya pedali ikiharibika kompyuta huipuuza na kushikilia mzunguko mmoja. Sensa ya joto ikidanganya kwamba injini ni baridi, sailensi hubaki juu mchana kutwa. Kwa nozeli, linganisha dizeli inayorudi: unganisha kichupa kimoja kwa kila nozeli, injini ikae sailensi dakika chache. Kichupa kinachojaa mbele sana ya vingine kinaonyesha nozeli inayorudisha badala ya kupuliza.

Pampu ikilazimika kushuka

Kabla ya kuifungua kwenye injini, zungusha krenki hadi alama za taimingi zilingane na uzipige picha. Ziba kila tundu la bomba kwa kofia au mfuko safi, maana punje moja ya mchanga inatosha kukwaruza plenja. Mwambie fundi wa pampu dalili kamili: RPM ilikuwa ngapi injini ikiwa ya moto, inapanda na kushuka au inashuka tu, moshi rangi gani, na skrubu imehamishwa kiasi gani kutoka alama ya mwanzo. Ikirudi kutoka kwenye mashine, sailensi inawekwa upya kwenye gari, kwa hatua zilezile, injini ikiwa na joto.